Jike Dume Kwenye Skrini: Tunawajibu Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songea, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja: yule msichana wa kwenye filamu anayevaa suruali, anayepanda miti, anayecheza mpira na kaka zake na kuambiwa "hana tofauti na mvulana". Wengi wenu mmemwita jike dume. Tumeliacha neno kama mlivyoliandika, ingawa mtaani mara nyingi ni tusi. Vijana wanasema tomboi, neno lililoanza Uingereza karne ya 16 kwa kumwita mvulana mtukutu kabla halijahamishiwa kwa wasichana.

Naandika skripti ya msichana utingo wa lori kati ya Makambako na Tunduma. Wenzangu wanasema mwishoni lazima nimvishe gauni, apakwe wanja na aolewe na dereva, la sivyo mtazamaji haridhiki. Ni kweli? — Msomaji, Uyole, Mbeya

Si kweli, ila wenzako hawajaota. Wameiona mara nyingi mno. Walioikariri filamu ya Kihindi Kuch Kuch Hota Hai (1998) wanamkumbuka Anjali aliyechezwa na Kajol: nywele fupi, nguo za michezo, na mpira wa kikapu anaoumudu kuliko Rahul, rafiki yake wa chuoni. Lakini Rahul anampenda msichana mwingine, Tina. Miaka 8 baadaye Anjali anarudi na nywele ndefu na sari, na hapo ndipo Rahul anafumbuka macho. Wanacheza tena kikapu, sari inamwanguka begani kila mara, na mchezo aliokuwa bingwa wake unamshinda. Mwongozaji, Karan Johar, amekuja kukiri hadharani kwamba ujumbe ule haukuwa sawa. Marekani walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1953 kwenye Calamity Jane. Doris Day anaanza na suruali ya ngozi na bastola kiunoni, anamaliza na gauni la harusi. Angalau kule mwandishi alimwachia bastola imefichwa ndani ya gauni.

Sasa usikimbilie kusema gauni ndilo kosa. Tazama Dangal (2016). Geeta na mdogo wake Babita wananyolewa nywele ili wafanye mieleka, na wanafika mbali. Lakini Geeta anapokwenda chuo cha taifa, akaacha nywele zikue na kupaka rangi kucha, filamu inamfanya ashindwe, kana kwamba rangi ya kucha inapunguza nguvu za mkono. Ni kosa lile lile limegeuzwa kichwa chini: nguo imepewa kazi ya kuamua hatima ya mtu.

Linganisha na Bend It Like Beckham (2002). Jess anaitoroka harusi ya dada yake ili acheze fainali ya mpira wa miguu, na mechi ikiisha, wachezaji wenzake wanamfunga tena sari kwenye chumba cha kubadilishia nguo ili arudi harusini. Sari na bukta siku moja, mwili mmoja, na hakuna iliyoiua nyingine. Sari ile ile iliyomshinda Anjali. Onyesho fupi, lakini kama una muda wa kujifunza kutoka kwenye filamu moja tu, jifunze hapo.

Kwa skripti yako fanya hivi. Chukua nakala, ufute kila sentensi inayotaja nguo, nywele, kofia na mwendo wa utingo wako. Soma tena. Kama baada ya kufuta hatumjui tena, basi hukuwa na mhusika, ulikuwa na kabati la nguo. Mpe kazi ya mikono tunayoiona: anagonga matairi ya nyuma kwa kipande cha nondo na kusikiliza, kwa sababu la ndani likiwa limeisha upepo linatoa mlio mzito uliokufa, na jicho haliwezi kuliona. Anavuta kamba za turubai mpaka turubai linyooke. Lori likisimama kwenye mpando mkali anaruka na kabari kabla dereva hajamaliza kuita. Dakika moja ya kazi hiyo inamjenga kuliko dakika kumi za majirani kusema "huyu mtoto ni dume".

Kisha mpe kitu anachokitaka. Hapa ndipo skripti nyingi zinapokufa. Mwandishi anadhani kuwa jike dume ndiyo hadithi yenyewe, kwa hiyo akishamwonesha ana suruali hana tena la kusema, na kurasa zinazobaki anazijaza mapenzi. Je, anataka leseni ya kuendesha malori makubwa? Anataka kulipa deni la baba? Anataka kuona bahari? Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Kama filamu yako ni ya dakika 90, takwa lake lionekane kabla ya ukurasa wa 15.

Na harusi? Akiolewa, sawa, watu huolewa. Jiulize swali moja tu: kesho yake asubuhi, nani anagonga matairi?

Natafsiri filamu kwa sauti kwenye kibanda umiza. Nikifika kwenye filamu ambayo msichana amejifanya mvulana, watu wananiambia hawaelewi kwa nini wahusika wanashtuka. Nakosea wapi? — Mwanjelwa, Mbeya

Hukosei wewe, lugha ndiyo inayokusaliti, na ukishaijua utaifanya ikutumikie. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. "Amekuja, amekaa, amecheka": hatujui ni nani. Lugha nyingi za filamu hizo zinafanya kinyume. Kila sentensi inatangaza jinsia, na hadithi nzima inaweza kusimama juu ya herufi moja.

Mfano mzuri ni Tomboy (2011), filamu ya Kifaransa ya Céline Sciamma. Laure, mtoto wa miaka 10, amehamia mtaa mpya. Msichana wa jirani, Lisa, anamuuliza kama ni mgeni, na neno "mgeni" kwa Kifaransa amelitamka kwa umbo la kiume. Laure hakudanganya bado, amedhaniwa. Akiulizwa jina anajibu Mikäel, na uongo unaanzia hapo. Ukitafsiri "We mgeni hapa?" hakuna kilichotokea, na jina la Mikäel linaanguka kutoka mbinguni. Ukisema "Kaka, we mgeni hapa?" kila mtu kwenye benchi ameelewa.

Silaha zako ni hizi, basi. Majina ya kuitana: kaka, braza, anko, dada, sista, binti. Yaweke mahali lugha ya asili ilipotaja jinsia na pana maana, siyo kila sentensi, la sivyo wahusika wataonekana wanaitana kama makonda stendi. Ya pili ni kitenzi cha ndoa. Kiswahili kinaficha jinsia kila mahali isipokuwa hapo: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Mhusika aliyejificha akiulizwa "umeoa?" ameaminiwa, akiulizwa "umeolewa?" ameshagunduliwa. Kitenzi hicho kimoja kinaweza kubeba mshtuko wote wa onyesho, kwa hiyo kitunze, usikitumie ovyo mapema.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kumwaga siri. Kwenye Tomboy mtazamaji hana uhakika kama anamtazama msichana au mvulana mpaka mama anapoita "Laure". Mfasiri akifungua filamu kwa "haya, binti yetu huyu hapa ndani ya gari na baba yake", ameikata filamu kichwa. Sema "mtoto" au "dogo" mpaka filamu yenyewe iseme. Hapo Kiswahili kinakusaidia kuliko Kiingereza, kwa sababu unaweza kukaa nusu saa na "a-" bila kudanganya mtu.

Na usiweke "jike dume" kila mahali. Baba anayemtania bintiye kwa upendo atasema "kidume changu". Mwalimu aliyechoka atasema "mtundu huyu". "Jike dume" mwachie mhusika anayemchukia. Sauti yako nayo iache kama ilivyo. Ukiikoromesha kila anapoongea, umemfanya kichekesho hata pale filamu inapolia.

Mwanamke akivaa suruali kwenye tamthilia ni shujaa, mwanaume akivaa gauni ni kichekesho. Kwa nini? — Kihesa, Iringa

Kwa sababu watazamaji wanaipima nguo kama ngazi: suruali ni kupanda, gauni ni kushuka, na anayeshuka ndiye anayechekwa. Wachekeshaji wameliishi hilo kila nchi. Hapa kwetu Joti alimcheza bibi kizee kwenye Orijino Komedi na watu wakaanguka, lakini chunguza uone kilichochekesha: bibi ana malalamiko yake, ana majirani, ana hoja. Pale ambapo kichekesho chote ni wigi na matiti ya kanga iliyokunjwa, kinaisha dakika ya pili.

Some Like It Hot (1959) ya Billy Wilder inadumu kwa sababu wale wanamuziki wawili hawakuvaa gauni ili tucheke. Wameona mauaji, majambazi wanawatafuta, na gauni ndilo linalowaokoa. Hofu ni ya kweli, kicheko kinakuja chenyewe. Jambo la kiufundi: Wilder aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa sababu kwenye majaribio ya rangi vipodozi vizito vya Tony Curtis na Jack Lemmon vilionekana vya kijani. Jaribu vipodozi mbele ya kamera utakayoitumia, siyo mbele ya kioo.

Kamwene. Klabu yetu ya maigizo shuleni inarekodi filamu fupi kwa simu: msichana anajifanya mvulana ili aingie timu ya mpira. Mwigizaji ni wa kidato cha tatu. Tumfanyeje aaminike, na bajeti hatuna? — Mwalimu, Mafinga

Kamwene, Mwalimu. Kazi hii haihitaji bajeti, inahitaji uangalifu, kwa hiyo tutajibu kwa kirefu.

Anza na lisilotakiwa. Msimfunge kifua kwa bandeji ya kuvutika. Bandeji hujikaza zaidi kadiri mtu anavyopumua na kukimbia. Inabana mbavu, inakata pumzi, na nyinyi mnarekodi mpira kwenye miinuko ambako hewa tayari ni nyepesi. Sidiria ya michezo inayomtosha, tisheti nzito isiyonata mwilini, na juu yake shati la mikono mirefu lililoachwa wazi vinatosha. Chagueni rangi nzito isiyo na maua wala mistari ya kulala. Bahati yenu ni baridi: mkirekodi Juni au Julai, kila mtu Mafinga amevaa sweta na koti, na hakuna atakayeuliza.

Suruali ichukuliwe ya kiume kwenye mtumba, kiuno kikubwa kidogo, ikae kwenye nyonga kwa mkanda. Jinzi ya kike imekatwa kuonesha umbo hata ikiwa kubwa. Viatu namba moja zaidi na soksi nene: hatua inakuwa nzito yenyewe, bila mwigizaji kujilazimisha "kutembea kiume", jambo ambalo karibu kila mara linaishia kuwa mwendo wa mlevi.

Masikio. Hili watu wengi hulisahau. Wasichana wengi wa kwetu wametobolewa wakiwa wachanga, na kamera ya simu ikisogea karibu, tundu linaonekana. Chukueni punje ya nta ya nyuki, muifinyange vidoleni mpaka ipate joto na kuwa laini, mzibe tundu na kupaka poda ya rangi ya ngozi. Kagueni pia mabaki ya hina na rangi ya kucha. Nyusi ziachwe bila kutindwa mwezi mzima kabla.

Masharubu ya wanja, hapana. Kwenye simu yanatoka ya bluu, na wala hayahitajiki: mpeni mvulana huyo wa bandia miaka 13 au 14, umri ambao wavulana wenyewe hawana ndevu wala sauti nzito. Hapo tatizo la sauti nalo limepungua nusu. Asiikoromeshe, akifanya hivyo siku nzima, jioni hana sauti. Aongee polepole, sentensi fupi, na amalizie chini badala ya kupandisha mwishoni.

Kofia isiwe jibu la kila kitu. Mhusika akivaa kapelo kila onyesho, watazamaji watakaa wakisubiri ianguke, na mkiiangusha kweli mmefanya kile ambacho kila filamu imefanya. Mfano wa maana ni Offside (2006) ya Jafar Panahi wa Irani, kuhusu wasichana wanaojigeuza ili waingie uwanjani Tehran kutazama mpira, na ilipigwa wakati wa mechi halisi ya Irani na Bahrain ya mwaka 2005. Kila msichana ana njia yake. Mmoja amevaa sare ya jeshi iliyokamilika kabisa, na hakukamatwa kwa sababu ya nywele: alikaa kwenye kiti cha mkubwa. Mavazi yalikuwa sahihi, tabia ndiyo iliyomfichua. Mtafutieni mwigizaji wenu kosa la namna hiyo. Labda anasema "samahani" kila anapomkaba mtu.

Kuhusu kunyoa. Kama nywele zinakatwa mbele ya kamera, mzazi aandike ruhusa kwanza, ikae kwenye faili la shule. Rekodini kwanza maonyesho yote ya nywele ndefu, hata kama ni ya mwisho kwenye hadithi, kisha kukata, kisha yaliyobaki. Kukata hakurudiwi, kwa hiyo wekeni simu mbili, moja karibu na nyingine mbali, chaji zimejaa, na nafasi ya kuhifadhi mmeikagua. Andikeni namba ya kichana cha mashine ya kinyozi. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Mkirudi kurekodi baada ya likizo bila namba hiyo, mchezaji ataingia uwanjani na kichwa kimoja na kufunga goli na kingine.

Binti yangu wa miaka 9 alitazama Mulan, akachukua mkasi akajikata nywele. Anataka mpira tu. Filamu hizi zinamharibu? — Mama, Njombe

Mama, nywele zitaota. Cha kumwambia ni kwamba Mulan wa katuni ya 1998, msichana anayejifanya askari mwanaume, alijikata nywele kwa sababu watengeneza filamu wa Marekani waliona hiyo ndiyo alama ya mwanajeshi. Wanaume wa China ya zama hizo walifuga nywele ndefu na kuzifunga utosini. Toleo la 2020 halikumkata. Na shairi la kale la Kichina lililomzaa Mulan linasema alitumikia jeshi miaka 12, akarudi nyumbani, akavaa nguo zake za zamani mbele ya wenzake walioduwaa, na linaishia kwa sungura wawili, dume na jike: wakikimbia sambamba, nani atawatofautisha? Mtoto wa miaka 9 analielewa hilo vizuri sana.

Muulize alichokipenda. Mulan alikata nywele ili baba yake mgonjwa asiende vitani. Mara nyingi mtoto anapenda upanga na farasi, siyo nywele. Bend It Like Beckham isubiri mpaka 12 hivi, kuna mambo ya wakubwa kidogo. The Breadwinner (2017) ni katuni, lakini isikudanganye: Parvana wa Kabul anakata nywele ili aweze kununua chakula baba yake akiwa kifungoni, na kuna vipigo na vita. Itazameni pamoja, akifika miaka 11 au 12. Kuhusu mpira, mnunulie raba zinazomtosha. Za kaka yake zitamtoa malengelenge.

Hawa wanawake wa kiume si mambo ya kizungu tu? — Songea

Uko Songea, na unatuuliza sisi? Nenda Makumbusho ya Majimaji umtafute Mkomanile, mkuu mwanamke wa Kingoni aliyeipokea dawa ya maji na kuieneza, akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Filamu ya maisha yake ingemhitaji mwandishi anayejizuia, kwa sababu kishawishi kitakuwa kumvisha mavazi ya askari mwanaume ili "aonekane shujaa". Hakuhitaji. Mamlaka yake yalitokana na cheo, na watu walimsikiliza akiwa amevaa kile walichovaa wanawake wa wakati wake. Vitambaa vya kaniki na merikani vilikuwa vimeshafika kusini muda mrefu.

Yeyote atakayeianza, akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 kibali kinaombwa kabla ya kamera kuwashwa, na kinachopelekwa ni skripti nzima pamoja na maneno ya wahusika, siyo muhtasari wa ukurasa mmoja. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu.